Kutoka Ilungu hadi Giaboksi: Maneno ya Ufundi katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

UTANGULIZI

Miaka michache iliyopita ofisi moja mjini Sumbawanga iliniletea karatasi mbili nizifasiri kwa Kiswahili. Zilikuwa maelezo ya kiufundi juu ya gari la kupelekea dawa katika zahanati za Bonde la Rukwa. Injini ya gari hilo ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa pamefungwa injini ya dizeli iliyotolewa katika gari la aina nyingine. Lililosalia lilikuwa ni kununua giaboksi itakayopatana na injini hiyo mpya. Mwandishi wa karatasi, aliyeandika kwa Kiingereza, hakutumia neno lenye maana ya giaboksi peke yake. Alitumia neno pana zaidi, ambalo kwa asili yake ya Kilatini maana yake ni "kupeleka upande wa pili". Nami, hali nina orodha za istilahi mbele yangu, nikalifasiri kuwa "mfumo wa usafirishaji".

Karatasi zikarudi Sumbawanga. Mhasibu alipoona neno "usafirishaji" akaliingiza ombi lile katika kifungu cha safari na uchukuzi, ambamo halikuwa na fedha wala halikustahili kuwamo. Ombi likarudishwa mara mbili. Mvua zikaanza. Gari likakaa juu ya mawe msimu mzima, na dawa zikawa zinateremshwa bondeni kwa gari la kukodi, siku lilipopatikana. Mwishowe fundi wa gereji akaandika kwa mkono wake nyuma ya nakala ya barua: "Tunaomba giaboksi inayoingiliana na injini iliyofungwa." Sentensi hiyo moja ilitimiza kazi ambayo kurasa zangu mbili zilishindwa kuitimiza.

Kosa lilikuwa langu, na makala haya hayakusudii kulitetea. Yanakusudia kulitafutia mzizi. Kwa nini mtumishi aliyesomea lugha alikosa neno ambalo fundi wa gereji alikuwa nalo mdomoni? Kulijibu swali hili yatupasa kuitazama historia ya maneno ya chuma na ya mwendo katika Ufipa yenyewe, kwani nchi hiyo ilikuwa na ufundi wake wa chuma muda mrefu kabla lori la kwanza halijapanda milima yake.

CHUMA CHA UFIPA NA MAJINA YAKE

Ufipa ni uwanda wa juu uliokaa kati ya Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, na Ziwa Rukwa, upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, hali maziwa yote mawili yako chini sana, kwenye kiasi cha mita 800 tu. Kwa hiyo mtu atokaye Sumbawanga kwenda Muze bondeni, au kwenda Kasanga ziwani, hushuka jumla ya mita zinazokaribia 1,000, na akirudi huzipanda zote. Msomaji na aikumbuke hesabu hii, maana itatufaa mbele.

Wafipa walikuwa wafuaji chuma mashuhuri. Udongo wenye madini ya chuma uliyeyushwa katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu, ambalo kimo chake kilifika kama mita tatu. Ilungu halikuvukutwa. Lilivuta hewa lenyewe kupitia vibomba vya udongo vilivyopangwa kulizunguka upande wa chini, nao urefu wake ndio uliofanya moto upande kwa nguvu, kama vile bomba refu la moshi linavyovuta kuliko fupi. Kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia jembe. Kilikuwa ni mabonge yenye takataka nyingi. Mabonge hayo yalitiwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikotumika. Baada ya hapo tu ndipo mhunzi aliposhika nyundo.

Ukoo wa Milansi, ambao masimulizi ya Ufipa huuhesabu kuwa wa watawala wa kale zaidi, hutajwa pamoja na kazi hii ya chuma. Mabaki ya malungu yangali yakionekana hapa na pale uwandani, na wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Bertram Mapunda aliyekuwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameyachunguza na kuyaandika. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipojaa madukani, moto wa malungu ulipungua, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi hiyo ikakoma kuwa kazi ya kila siku.

Mwanaistilahi hupata hapa funzo lake la kwanza. Kiswahili chetu cha kawaida kinalo neno moja, "tanuri", ambalo hutumika kwa mkate, kwa chokaa, kwa vyungu na kwa chuma. Kifipa kilikuwa na majina mawili, kwa sababu kazi zilikuwa mbili: moja ya kuyeyusha na moja ya kusafisha. Mfuaji aliyechanganya majina hayo angelichanganya na makaa, na hewa, na siku za kazi. Jina halikuwa pambo. Lilikuwa chombo cha kazi sawa na koleo.

MELI, LORI NA LANDROVA

Watu wa pwani, kwa upande wao, walikuwa na maneno yao ya mwendo, nayo yalikuwa ya bahari. Tunaposema leo kwamba dereva ameshika "usukani", tunatumia neno la jahazi. Tunaposema lori limebeba "shehena", tunatumia tena neno la chombo cha majini. "Gari" lenyewe lilitoka Bara Hindi. Hivyo gari la moshi na la mota yalipofika, Kiswahili hakikukutwa mikono mitupu. Kilitoa ghalani kilichokuwa nacho, na kwa vile visivyokuwamo kiliazima.

Katika Ziwa Tanganyika kuna mfano ulio karibu sana na somo letu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa Kigoma vipande vipande. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, mwaka ule ule ambao Waingereza waliitwaa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Mwaka 1924 ikainuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 likitajwa kuwa la upande wa kusini wa ziwa hilo. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikafungwa za dizeli.

Badiliko hilo si dogo kama linavyosikika. Injini ya mvuke ya meli huzunguka polepole, na yaweza kugeuzwa irudi nyuma yenyewe. Kwa hiyo yaweza kuungwa moja kwa moja na mhimili wa rafadha. Dizeli nyingi ndogo huzunguka kwa kasi kuliko inavyotakiwa na rafadha, tena huzunguka upande mmoja tu. Injini ya namna hiyo haina budi kupata mwenzake wa kuipunguza kasi na kuigeuza. Ndiyo kusema kwamba anayebadili injini hubadili swali zima, wala si kipande kimoja tu cha chuma.

Barabarani nako mambo yalikwenda njia hiyo hiyo. Vijana wa Ufipa waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na katika migodi ya Northern Rhodesia, ambayo ni Zambia ya leo, walirudi na maneno ya karakana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja Landrova, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ikawa gari la bwana shamba, la daktari na la misheni. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, na mahindi yake yakawa tegemeo la Taifa pamoja na ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, malori yaliongezeka barabarani, na kila lori lilikuja na fundi wake na utingo wake. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga haikupata lami mpaka miaka ya 2010. Kwa miongo mingi, basi, matope na vumbi ndivyo vilivyokuwa shule ya mafundi wa huko.

Katika shule hiyo Kiswahili cha gereji kilijengeka bila ya kikao. Klachi, giaboksi, difu, propela, beringi, bushi, flaiwili, rivasi: yote haya yalipokewa kwa sikio, yakapewa irabu yalipohitaji, yakakatwa yalipokuwa marefu, yakaingizwa katika ngeli. Tena hayakubaki kuwa majina tu. Fundi na dereva husema kutia gia, kutoa gia, kupanga na kupangua gia. Hatimaye neno lilitoka gereji likaingia katika mazungumzo ya watu wote. Anayekuja na hila ya kukopa huambiwa kwamba ameingia kwa gia. Na katika Uchaguzi Mkuu wa 2015 nchi nzima ilisikia usemi wa "kubadili gia angani". Neno likifikia kuzaa misemo, limekwisha kuwa mwenyeji. Halihitaji tena kuombewa kibali cha kukaa.

INJINI MPYA, GIABOKSI IPI?

Ili tuone thamani ya maneno haya, tuyajaribu katika kazi yenyewe. Tuchukue gari la michezo la zamani ambalo wengi katika Afrika Mashariki walilijua, yaani Datsun 240Z. Gari hili lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Injini yake ilikuwa ya petroli, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Tuseme mtu anayo moja ya namna hiyo uwandani Ufipa, injini imekufa, na vipuri havipatikani. Ataamua kufunga injini ya gari jingine. Swali linalofuata ni lile lile la gari la dawa: giaboksi ipi?

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kuiacha giaboksi ya asili ya gari na kuiunga na injini mpya. Ya pili ni kuchukua giaboksi iliyokuja na injini hiyo. Ya tatu ni kutafuta giaboksi nyingine kabisa, isiyo ya gari wala ya injini. Kila njia ina gharama yake, na gharama hiyo haionekani mpaka kila sehemu imetajwa kwa jina lake.

Akiiacha giaboksi ya asili, kiti chake, mahali pa mkono wa gia, urefu wa propela na waya wa kipimamwendo vyote hubaki kama vilivyokuwa. Taabu huwa mbele. Kava la klachi, lile lenye umbo la kengele, lina matundu ya boliti yaliyopangwa kwa ajili ya injini ya zamani, na injini mpya haiyajui. Itabidi litengenezwe bamba la kuunganishia. Bamba hilo likiwa nene kupita kiasi, shafti ya giaboksi haitafika katika beringi yake ndani ya flaiwili. Likiwa limetobolewa pembeni hata kwa unywele, shafti itazunguka ikiwa imepinda, na beringi zitakufa upesi. Kisha huja klachi: meno ya shafti lazima yaingiane na meno ya klachi pleti, na klachi pleti lazima ienee kwenye flaiwili. Mwisho huja nguvu. Injini mpya ikizungusha kwa nguvu kuliko ile iliyokusudiwa, meno ya gia yatakatika, na kwa kawaida huanza kukatika mlimani, mzigo ukiwa mzito.

Akichukua giaboksi iliyokuja na injini, mambo hugeuka. Injini na giaboksi vimezoeana, klachi ni yao, matundu yanalingana. Taabu huhamia nyuma na chini: giaboksi huenda ikawa nene kuliko nafasi iliyo chini ya sakafu ya gari, mkono wa gia ukatokea chini ya kiti, kiti cha giaboksi kikahitaji kuchomelewa upya, na propela ikahitaji kukatwa au kuongezwa na kusawazishwa. Hata hivyo mafundi wengi huipendelea njia hii, kwa kuwa kuchomelea chuma cha sakafu ni rahisi kuliko kutoboa bamba kwa usahihi wa unywele. Njia ya tatu huchanganya taabu za zote mbili, na hufaa pale tu ambapo mbili za kwanza zimeshindikana.

Hayo ni ya kuingiliana. Yako pia ya kufaa, nayo ndiyo yanayosahauliwa. Giaboksi yaweza kuingia vizuri na bado isifae, kwa sababu uwiano wa gia zake haupatani na injini wala na nchi. Tuweke tarakimu za mfano. Gia namba moja ina uwiano wa 3.5, difu ina uwiano wa 3.9, na tairi likizunguka mara moja gari husogea mita 1.9. Ukizidisha 3.5 kwa 3.9 unapata 13.65, maana yake injini huzunguka mara 13.65 tairi linapozunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, gari litakwenda kiasi cha kilomita 25 kwa saa. Katika gia namba nne, ambayo uwiano wake ni 1, litakwenda kiasi cha kilomita 88. Katika gia namba tano, yenye uwiano wa 0.85, litakwenda kiasi cha kilomita 103.

Sasa injini ya petroli ya gari la michezo huzunguka kwa raha hata kufikia mara 6,000 kwa dakika. Dizeli nyingi za zamani hufikia ukomo wake karibu na 4,000. Kwa uwiano ule ule, injini ya petroli italifikisha gari kilomita 50 kwa saa katika gia namba moja, na dizeli italifikisha 33 tu kabla haijaomba gia nyingine. Dereva atachoka kubadili gia, na barabarani tambarare injini itapiga kelele bila ya gari kukimbia. Dawa yake si kulaumu injini. Ni kuchagua giaboksi yenye gia namba tano ndefu zaidi, au difu yenye uwiano mdogo zaidi.

Hapa ndipo Ufipa inapoingia katika hesabu. Kwenye kimo cha mita 1,800 hewa ni nyepesi, na injini inayojivutia hewa yenyewe bila ya kusukumiwa hupoteza kiasi cha sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Giaboksi iliyofaa Tanga huenda ikaonekana dhaifu Sumbawanga, ilhali haijaharibika lolote. Kisha kuna mteremko wa Lyamba lya Mfipa kuelekea bondeni. Gari lililopewa difu ya uwiano mdogo ili likimbie kwenye lami litashuka mteremko huo likiwa na gia namba moja isiyozuia vya kutosha, na dereva atategemea breki peke yake mpaka zipate moto na kulegea. Kwa hiyo anayechagua giaboksi ya gari la Ufipa huchagulia kupanda na kushuka kwanza, na kasi baadaye.

NENO MOJA, KAZI NNE

Turudi katika kosa langu. Neno lile pana la Kiingereza limekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili mara nyingi, na kila mara kwa haki. Madaktari husema "maambukizi", maana ugonjwa hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Watu wa redio husema "urushaji wa matangazo". Watu wa umeme husema "usafirishaji wa umeme", kwa maana ya kuutoa kwenye mitambo na kuufikisha mijini. Fundi wa magari husema giaboksi. Tafsiri hizi nne hazipingani. Zinaonyesha kwamba Kiswahili kilitazama kazi inayofanyika, hakikutazama sura ya neno la kigeni.

Kosa langu lilikuwa ni kuamini kwamba neno moja la Kiingereza linadai neno moja la Kiswahili. Nilichukua neno la umeme nikalivika gari. Orodha ya istilahi niliyokuwa nayo haikukosea, maana ilitungwa kwa ajili ya fani yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilipoanza mwaka 1974 kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, istilahi zilipangwa kwa fani. Mpango huo una maana. Mfasiri anayeruka kutoka fani hii kwenda fani ile bila ya kuuliza, ni kama fundi anayelazimisha giaboksi ya gari hili katika gari lile kwa kuwa zote mbili zinaitwa giaboksi.

Liko neno jingine linalotaka uangalifu, nalo linahusu roho za watu. Gia ya kwanza na ya pili huitwaje kwa pamoja? Mwenye kufasiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atasema "gia ya chini" au "gia ndogo". Lakini wapo madereva wasemao "gia kubwa" wakiwa na maana hiyo hiyo, kwa sababu gia namba moja ndiyo yenye nguvu kubwa. Na mwenye kuhesabu namba atadhani kubwa ni namba tano. Onyo lililoandikwa juu ya mteremko kwa maneno yanayoweza kueleweka kwa namna mbili zinazopingana ni la hatari kuliko kutokuwa na onyo. Usemi "gia nzito" ni bora, kwa kuwa uzito wake unaeleweka kwa mwendo wa gari lenyewe; na bora kupita yote ni kuitaja namba.

MAPENDEKEZO

Katika kutunga istilahi tumezoea kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha zetu nyingine za Kibantu, ndipo tutoke nje. Utaratibu huo umetupatia maneno mazuri, mathalan "ngeli" kutoka Kihaya. Lakini maneno ya gereji yamekwisha kuwa Kiswahili. Anayetaka kuyaondoa kwa jina la usanifu hatafuti ndani ya lugha, bali anaibomoa nyumba iliyokwisha kukaliwa. Kwa sababu hiyo napendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na waandishi wa nyaraka za Serikali:

1. Giaboksi: sanduku lenye gia linalobadili uwiano wa mizunguko kati ya injini na magurudumu. Litumike kama lilivyo. "Sanduku la gia" liwe ni ufafanuzi wa neno, lisiwe mshindani wake.

2. Mfumo wa kupokezana mwendo: jumla ya klachi, giaboksi, propela, difu na ekseli. Sehemu hizi hupokezana mzunguko wa injini mpaka ufike kwenye tairi, kama wanariadha wanavyopokezana vijiti. Neno hili litumike pale tu mwandishi anapokusudia mfumo mzima.

3. Uwiano wa gia: idadi ya mizunguko ya shafti iingiayo kwa kila mzunguko mmoja wa shafti itokayo.

4. Gia nzito na gia nyepesi: gia zenye uwiano mkubwa na zenye uwiano mdogo. Katika maonyo ya barabarani itajwe namba ya gia.

5. Kubadilisha injini: kufunga injini ya aina ile ile mahali pa iliyokufa.

6. Kupandikiza injini: kufunga injini ya aina nyingine. Neno "kupandikiza" tumelizoea katika shamba na katika hospitali, nalo hubeba wazo kwamba kiungo kigeni lazima kikubaliane na mwili. Tofauti hii itamsaidia pia karani, kwa kuwa namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari, na badiliko la aina hiyo halina budi kuandikishwa.

7. Bamba la kuunganishia: kipande cha chuma kinachounga injini na giaboksi zisizo za asili moja.

8. Ilungu na kintengwe: tanuri refu la kuyeyushia chuma linalovuta hewa lenyewe, na tanuri dogo la kukisafishia kwa mivukuto. Maneno haya yaingizwe katika istilahi za historia na za mambo ya kale, na yafundishwe shuleni. Hakuna neno la Kiswahili linaloyatosheleza, na vitu vyenyewe vilitumika hapa hapa nchini.

HITIMISHO

Huenda msomaji akaona ajabu kwamba pendekezo la nane linasimama pamoja na saba za kwanza. Mimi naona yanatoka katika shina moja. Tunachukua "ilungu" kutoka kwa mfuaji wa Ufipa kwa sababu yeye ndiye aliyekifanya kitu hicho na kukijua. Tunachukua "giaboksi" kutoka kwa fundi wa Sumbawanga kwa sababu hiyo hiyo. Kwamba neno la kwanza ni la Kibantu na la pili ni la kuazima ni jambo la historia, si jambo la heshima. Katika hali zote mbili mwenye kazi ndiye shahidi wa kwanza wa jina la kazi, na ofisi ya istilahi huja baada yake kulinganisha, kunyoosha na kueneza.

Gari lile la dawa lilipata giaboksi yake, na lilirudi kuteremka bondeni. Nakala ya barua yenye mwandiko wa fundi ningali nayo katika jalada. Tangu siku hiyo, kila karatasi ya ufundi inapofika mezani kwangu, humwuliza kwanza mtu anayekishika kitu hicho kwa mikono yake: ninyi mnakiitaje?